Ukiwa na 15,000 Pipeline, Anza na Mashoki

Wasee, leo nasema kitu ambacho kitanipotezea wafuasi. Kama nduthi yako inapiga kazi huku Pipeline, achana na injini kwanza. Weka pesa kwa mashoki.

Najua. Hakuna mtu hufungua simu saa nne usiku kutafuta video ya mashoki. Video yangu iliyotazamwa zaidi ni ya sekunde 19, silensa ikinguruma pale Outering usiku, na hata pikipiki yenyewe haikuwa yangu. Watu wanataka mlio. Mimi pia naupenda mlio. Nikiwa chuo, kabla niache mwaka wa pili, nilikuwa nakaa nyuma ya darasa natazama Wamarekani wakibishana juu ya zile kwadi zao za mbio, za magurudumu manne: pesa ikitosha kitu kimoja tu, unaongeza nguvu ya injini ama unabadilisha mashoki? Huku kwetu kwadi utaziona Diani zikikodishwa watalii, lakini hilo swali ni letu kabisa. Toa kwadi, weka Boxer.

Mwezi wa pili nilikuwa na 15,000 mkononi. Boxer yangu ni BM150, niliinunua mkono wa pili na pesa iliyofaa kuwa fee (mathe anajua, tulishayamaliza hayo). Fundi wa kwanza, kijana wa rika langu, alikuwa na mpango tayari: tupanue silinda, tuweke pistoni kubwa, kabureta kubwa, silensa ya wazi. "Hii kitu itaruka, bro."

Fundi wa pili ni mzee mmoja wa Grogan. Huyo hakuniuliza chochote. Alikandamiza kiti cha nyuma kwa mikono miwili, akaachilia, na pikipiki ikadunda mara tatu, nne, kama mpira. Shoki nzima inapanda mara moja na kutulia. Kisha akapitisha kidole kwa shoki la mbele na kunionyesha: oili. Sili zilishakufa, oili ilikuwa inavuja, na kazi yote ilikuwa imeachiwa springi. Akasema, "Kijana, unataka iruke na haijui kutua?"

Hiyo ilinichoma kwa sababu alikuwa amechelewa wiki moja tu. Wiki hiyo iliyopita mvua ilikuwa imenyesha, na karibu na Transami kuna shimo ambalo likijaa maji linafanana na barabara. Nililiingia na mathe akiwa nyuma. Mbele ikazama hadi mwisho, ikagonga chuma kwa chuma, usukani ukanipokonya mikono. Nilibaki nimesimama. Yeye alianguka na kuukalia mkono. Kitu cha kwanza aliuliza ni kama mayai yako sawa.

Hapo sasa ndipo hesabu yangu inaanzia. Mathe anauza mayai Kware, na mimi ndiye humletea: kreti 10, mayai 300, mara tatu kwa wiki. Kila safari yalikuwa yanapasuka kama 12. Kwa bei yetu ya jumla, bob 13 yai moja, hiyo ni 156 kwa safari, 468 kwa wiki, karibu 1,900 kwa mwezi. Tulikuwa tunailipa barabara kodi. Na nilikuwa nafikiria kuongeza pistoni, ili yapasuke haraka zaidi?

Boxer ya 150 ikitoka kiwandani ina nguvu za farasi kama 12. Si nyingi. Lakini niambie, kutoka Stage Mpya hadi Tassia unazitumia wapi zote? Kuna mtu amepanga nyanya barabarani, kuna mkokoteni wa maji, matatu imesimama katikati ikiita watu, kuna matuta ambayo wenye ploti wamejijengea wenyewe bila kuuliza yeyote. Sheria yenyewe inasema 50 kwa saa ndani ya mji, na huku ukifika 30 umebahatika. Injini hii inapozwa na upepo tu. Ukiipanua silinda na kukaa nayo kwa jam, joto linapanda na upepo hakuna. Klachi inabeba mzigo ambao haikuundiwa. Mafuta yanaongezeka. Breki zinabaki zile zile.

Na breki ndizo watu hawaunganishi na mashoki. Breki inafanya kazi tairi likiwa limegusa chini. Shoki likiwa limekufa, kwa barabara yetu tairi linaruka kila mara, na likiwa hewani hata ukikanyaga breki mpaka kiatu kitoboke, hakuna kitu. Kona ni vile vile. Kwa hivyo mashoki si starehe ya mgongo peke yake. Ni breki, ni usukani, ni abiria kubaki kwenye kiti.

Wazee wa Safari Rally walijua hii stori zamani. Mwaka wa 1974 Joginder Singh alishinda na Mitsubishi Lancer ya 1600, na Porsche 911 ikaja nyuma yake. Farasi wengi hawakutosha.

Sasa nisikilizeni nyinyi wa milimani, kabla mnitusi. Kama unapandisha magunia kila siku na pikipiki inalia giya ya kwanza, una haki ya kutaka nguvu. Lakini hata hapo anza na sproketi ya nyuma, ongeza meno machache: mbio ya mwisho inapungua, mvuto unaongezeka, na hujafungua injini. Na kama injini yako inatoa moshi wa bluu, hiyo ni ugonjwa, itibu kwanza. Mimi naongelea mwenye injini nzima anayetaka kuiharibu kwa sababu ya video.

Nilichofanya: mashoki mawili ya nyuma 6,500, sili na oili ya mbele 1,400, fundi 800. Tairi la nyuma 3,200, kwa sababu la zamani lilikuwa na upara. Nikabaki na 3,100. Na usidanganywe uweke springi ngumu kupindukia eti ndio ibebe mzigo. Ikiwa ngumu sana inaruka tu kama iliyokufa. Zungusha ile pete ya chini ya shoki kulingana na uzito, na usiiache hapo ukirudi bila mzigo. Mimi huisahau, halafu nadunda njia yote hadi nyumbani.

Sasa mayai yanapasuka mawili, matatu. Mathe amerudi kukaa nyuma, ingawa bado anashika jaketi yangu kwa mkono mmoja tu, ule mzima.

Video ya mashoki ilitazamwa mara 412. Juzi yule fundi kijana alinisimamisha stage akauliza kama nimeamua kuhusu pistoni. Nikamwambia anipigie siku mayai yatafika yote 300.