Mjusi wa Berlin ana watetezi, walio ardhini hawana

Kila mjadala wa mali za Afrika zilizochukuliwa enzi za ukoloni unapozuka nchini Tanzania, mjusi wa Tendaguru, yaani kiunzi cha dinosaria kilichochimbwa Lindi, hakosi kutajwa. Suala lake limefika hadi bungeni. Mnyama mwenyewe amesimama katika Makumbusho ya Historia ya Asili mjini Berlin tangu mwaka 1937, kimo chake kikipita mita 13, na wageni hulipa kiingilio kwenda kumtazama. Wanaodai arudishwe wana hoja nzito. Lakini sauti zote hizo juu ya mifupa iliyoondoka zimefunika swali jingine lenye uzito zaidi: ile iliyobaki ardhini, Lindi na kwingineko, nani anailinda, na wananchi wanaolima juu yake wameelezwa nini?

Ili kulijibu, inabidi kwanza ifahamike jinsi kisukuku kinavyopatikana, kwa sababu hapo ndipo thamani yake ilipo.

Kisukuku ni mabaki au alama ya kiumbe wa kale iliyohifadhiwa ndani ya mwamba. Huweza kuwa mfupa, jino, kombe la bahari, jani, unyayo, hata kinyesi. Viumbe waliowahi kuishi duniani hawana idadi, ila walioacha alama ni wachache mno, na sababu yake inaonekana wazi katika mbuga za Afrika Mashariki. Tangu mwaka 1975, mtafiti Anna K. Behrensmeyer na wenzake wamekuwa wakifuatilia mizoga ya wanyama pale Amboseli, Kenya, kuona mifupa inaishia wapi. Nyama huliwa upesi na fisi na tai. Fisi huendelea na mifupa yenyewe, wakaisaga kwa meno. Inayosalia hupigwa na jua la mchana na baridi ya usiku, ikapasuka kwa urefu, ikabanduka tabaka la juu, na baada ya miaka kama 15 mingi huwa imebaki vipande visivyotambulika. Punda milia akifia mahali pakavu na wazi, ndiyo basi. Hata mfupa wake mmoja hautafika karne ijayo.

Anayebahatika kuhifadhiwa ni yule anayefukiwa mapema. Mto umefurika na kumlaza chini ya tope, au mchanga wa mlango wa mto umemfunika, au volkano imemwagia majivu. Huko chini hewa ni haba, jua halifiki na fisi hawachimbi. Nyama huoza hata hivyo, mfupa hubaki. Maji yanayopenya ardhini hupita ndani yake yakiwa yamebeba madini yaliyoyeyuka, kama chokaa, silika na chuma, na madini hayo hutuama kidogo kidogo katika vitundu vya mfupa. Wakati huohuo mashapo yanayoendelea kurundikana juu yanakandamiza yaliyo chini mpaka yanakuwa mwamba. Kazi hii huchukua maelfu ya miaka, mara nyingine zaidi. Mwishowe umbo ni lilelile la mfupa, lakini kilichojaza nafasi zake ni jiwe.

Anayekishika kipande cha namna hiyo huona tofauti papo hapo. Ni kizito kuliko mfupa mbichi wa ukubwa uleule, na rangi yake imefuata madini ya mahali: kijivu, kahawia, pengine nyekundu ya kutu au nyeusi kabisa. Pale kilipovunjika, vitundu vya ndani vya mfupa bado vinaonekana vimepangana kama sega la nyuki, ila sasa vimezibwa. Jiwe la kawaida halina vitundu vya mpangilio huo. Mkulima au mchungaji yeyote anaweza kufundishwa kuitambua alama hii moja kwa dakika chache, na bado vitabu vingi vya shule humtajia mtoto fuvu la kale la Zinjanthropus bila kumfundisha jinsi ya kukitambua kisukuku akikikuta shambani kwao.

Si lazima pawe na mfupa. Laetoli, kusini mwa bonde la Oldupai kaskazini mwa Tanzania, majivu ya volkano yalianguka takriban miaka milioni 3.66 iliyopita, mvua nyepesi ikayalowesha, na watu wa kale wakayakanyaga. Majivu yale yalikuwa na kemikali zinazogandisha kama saruji. Yakakauka, majivu mengine yakafunika, na mwaka 1978 timu ya Mary Leakey ikazifukua nyayo hizo, vidole na visigino vikisomeka. Hata vishimo vya matone ya mvua vilibaki. Kisiwani Rusinga, katika Ziwa Victoria upande wa Kenya, majivu ya aina hiyo yalihifadhi matunda, mbegu na wadudu wa miaka milioni 18 hivi iliyopita, vitu laini ambavyo kwa kawaida huoza katika wiki moja.

Tendaguru yenyewe ina kisa chake. Miaka milioni 150 hivi iliyopita, kilima hicho cha kaskazini magharibi mwa mji wa Lindi kilikuwa ufuko wa bahari, na maji yalikuwa yakipanda na kurudi. Ndiyo maana matabaka yenye mifupa ya dinosaria yamepishana na matabaka ya mchanga yenye makombe ya baharini. Makombe hayo ndiyo yaliyowasaidia wanasayansi kukadiria umri wa mifupa, kwa kuwa aina zake zinajulikana katika miamba ya umri huo sehemu nyingine za dunia. Mfupa wa Tendaguru uliokaa peke yake kabatini hausemi hayo. Unayasema ukiwa katikati ya matabaka yake.

Mwaka 1906 mhandisi wa madini wa Kijerumani, Bernhard Sattler, aliiona mifupa hiyo, na kati ya 1909 na 1913 msafara wa Berlin ukachimba huko, kwanza ukiongozwa na Werner Janensch na Edwin Hennig. Vita vya Majimaji vilikuwa vimetoka tu kuiteketeza nchi ile. Waliochimba walikuwa wenyeji, mamia yao, chini ya msimamizi Boheti bin Amrani, fundi aliyejua kuufukua mfupa bila kuuvunja. Zaidi ya tani 200 zilibebwa vichwani na mabegani kwa mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Janensch ana dinosaria aliyepewa jina lake, Janenschia, tangu miaka ya 1990. Mohammadi Keranje, mmoja wa wachimbaji, alisubiri hadi mwaka 2019, pale dinosaria mmoja wa Tendaguru alipoitwa Wamweracaudia keranjei kwa heshima yake na ya Wamwera. Jina la Boheti bin Amrani lingestahili kujulikana na kila mwanafunzi wa historia nchini, na halijulikani.

Sasa hoja yenyewe. Thamani kubwa ya kisukuku imo katika uhusiano wake na udongo uliokizunguka: kililala tabaka gani, kikielekea wapi, pamoja na nini, chini ya majivu gani. Vipimo vya kaboni, ambavyo watu wengi huvisikia, havivuki miaka 50,000 hivi. Kwa vitu vya kale zaidi ya hapo, kinachopimwa mara nyingi ni majivu ya volkano yaliyo juu na chini ya kisukuku. Fuvu la Zinjanthropus lilipopatikana Oldupai mwaka 1959, Louis Leakey alilikadiria kuwa na miaka 600,000. Mwaka 1961 majivu ya tabaka lake yakapimwa na kutoa miaka milioni 1.75, karibu mara tatu ya makadirio. Lau mtu angekuwa ameliokota fuvu lile na kwenda kuliuza mjini, kipimo hicho kisingewezekana, na historia ya binadamu ingebaki na kosa lile.

Mwaka 1984, huko Nariokotome magharibi mwa Ziwa Turkana, Mkenya Kamoya Kimeu aliona kipande cha fuvu kisichozidi kiberiti, chenye rangi moja na kokoto zilizokizunguka. Kwa kuwa mahali palitunzwa na kuchimbwa kwa utaratibu, kilitoka kiunzi karibu kizima cha kijana aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita. Kipande kile pekee, mfukoni mwa mpita njia, kingekuwa kijiwe tu.

Na ardhi haijamaliza kutoa. Mwaka 2015 wataalamu wa Kitanzania walikuta nyayo nyingine Laetoli. Mwaka 2019 alitangazwa Mnyamawamtuka, dinosaria aliyetoka kingo za mto Mtuka katika bonde la Rukwa, mwenye pingili za mkia zenye umbo la moyo. Wakati huohuo mvua inamomonyoa makorongo, mchanga unachimbwa kwa ujenzi, barabara zinakatwa. Sheria zipo, Tanzania ikiwa na ile ya Mambo ya Kale ya 1964 na Kenya ikiwa na ya Makumbusho na Urithi ya 2006. Sheria isiyofahamika kijijini haiwezi kulinda korongo la kijijini.

Serikali zinaweza kuidai Berlin, na zidai. Zidai pia nakala za mifupa kwa ajili ya Lindi, kumbukumbu za uchimbaji, na nafasi za mafunzo kwa vijana wa kusini, kwani mambo hayo matatu hayahitaji kusubiri uamuzi juu ya kiunzi chenyewe. Lakini fedha za kwanza ziende kwenye jambo rahisi zaidi: mlinzi anayelipwa kila penye visukuku, na mtaalamu anayefika shuleni na kwenye mikutano ya vijiji vya Tendaguru, Laetoli na maeneo mengine yenye visukuku kama Songwe na Manda, akiwa na kipande mkononi.

Naye msomaji anayeishi karibu na korongo, machimbo au ufuko ana sehemu yake. Akiona jiwe lenye umbo la mfupa, jino au unyayo, asilichomoe wala asilioshe. Alipige picha pembeni mwa kitu kinachoonyesha ukubwa wake, aweke alama isiyofukua ardhi, kisha atoe taarifa kwa ofisi ya kijiji, ofisi ya mambo ya kale au makumbusho ya taifa iliyo karibu.