Mtuongezee Polisi wa Kula Wapi?

Kila pikipiki ikiibwa, kila vijana wakikatana mapanga, kilio ni kilekile: serikali ituongezee polisi. Waliosoma huongeza tarakimu, eti Umoja wa Mataifa unataka polisi mmoja kwa kila watu 450. Umoja wa Mataifa haujawahi kuziwekea nchi kipimo hicho, lakini kimekaririwa mno hadi watu wanakiapia.

Haya, tukipeleke Opala. Teritware hii ya jimbo la Tshopo, Kongo, inakaribia ukubwa wa Rwanda nzima: msitu, mto Lomami, na njia ya Kisangani ambayo mvua ikinyesha baiskeli ya mchele husukumwa kwa mkono. Mama aliyeibiwa mbuzi akienda kushtaki, mara nyingi katika vijiji vya Kongo swali la kwanza si mwizi ni nani, ni mafuta ya pikipiki atatoa nani. Karatasi ya wito nayo ina bei yake. Mshtakiwa akitiwa kasho, chakula ataletewa na ndugu zake. Sasa ongeza hapo polisi kumi, mshahara wao ukichelewa. Watakula wapi? Barieri za kutoza wapita njia zitazaa barieri.

Na wakubwa si kwamba hawajui kupanga watu. Wanajua sana! Watafiti waliochunguza polisi wa barabarani wa Kinshasa mwaka 2015 walikuta mkuu akimpangia askari idadi ya madereva wa kuwafikisha kituoni kila siku, na huko ndiko fedha zilikotoka. Askari husimama penye magari, si penye hatari. Kwa hesabu hiyo, Opala ina nini cha kumvutia mtu?

Atakayesema shida ni umbali aitazame Lubunga, wilaya ya Kisangani yenyewe, ng'ambo tu ya mto. Mwaka 2023 watu wa makabila ya Wambole na Walengola waliuana huko kwa ugomvi wa ardhi, nyumba zikateketea, na makao ya polisi ya jimbo yako mji huohuo. Ugomvi ule ulianzia kwenye mashamba, kwa machifu na kampuni, miezi kabla moto haujafika mjini. Nani alitumwa kwenda kusikiliza?

Sheria ya polisi ya mwaka 2011 inawaita polisi huduma ya kiraia inayosikiliza wananchi. Basi mbunge wetu akisimama Kinshasa asiombe vichwa. Aulize fedha za mafuta ya Opala zilitoka lini mara ya mwisho, na nani alizipokea.