Chawa wa Ngozi na Vidonge vya Dukani



Ndugu zetu wazazi, nanyi wanafunzi wa Bwiza na kwingineko,

Mwezi uliopita mwanafunzi wetu mmoja hakuonekana madrasa kwa siku tisa. Tulipokwenda kumjulia hali tulikuta kando ya kitanda dawa za aina tatu, kila aina vidonge vichache vilivyofungwa kwenye karatasi. Za malaria, za tumbo, na vingine vya rangi mbili ambavyo mama yake hakujua ni vya nini. Na kipimo je? "Maalim, kipimo ni pesa, na mara nyingine wanakwambia hawakuona kitu." Hatukumlaumu, maana majumbani mwetu nasi tumefanya hivyo hivyo. Lakini jambo hili linatutia hofu, na sababu yake ilitokea hapa hapa nchini.

Mwishoni mwa mwaka 1995 homa kali ilizuka katika gereza la Ngozi. Mgonjwa aliumwa kichwa na viungo hadi akajikunyata, ndiyo maana watu wakaiita sutama, neno la Kirundi ambalo msemaji wa Kiswahili atalitambua mara moja: kuchutama. Mwaka 1997 ikaenea katika kambi za watu walioondoka makwao wakati wa vita, kule milimani kwenye baridi, watu wamebanana na nguo ya kubadili hawana. Kwa macho tu, homa kama hiyo ungeiita malaria. Damu za wagonjwa na chawa waliotolewa kwenye nguo zikapelekwa maabara ya Marseille, Ufaransa, na jibu likapatikana: tifasi, yaani homa ya chawa (si taifodi, wengi huchanganya). Kufikia Septemba 1997 waliohesabiwa kuugua walikuwa zaidi ya 45,000. Kwinini haitibu homa hiyo, lakini dozi moja ya doksisaiklini, miligramu 200, kwa kawaida hutosha. Fikirini, ndugu zetu! Dawa ilikuwepo, tena ya bei nafuu. Kilichokosekana ni kuujua ugonjwa.

Kwamba chawa ndiye mwenye kuubeba, aliligundua Charles Nicolle mjini Tunis mwaka 1909. Aliona kuwa wagonjwa wakiwa nje wanaambukiza wenzao, lakini wakishavuliwa nguo, wakaogeshwa na kuvishwa nguo safi mlangoni mwa hospitali, hawaambukizi tena. Kijidudu kimo katika kinyesi cha chawa, na mtu anapojikuna ndipo kinapoingia mwilini. Sisi tunaosomesha mlango wa tahara kila mwaka tulipoisoma habari hii tulitabasamu.

Upande wa pili ni mbaya zaidi. Mwaka 1990 watafiti waliopima vijidudu vya kuhara damu hapa Burundi walikuta vimekwisha kuzoea dawa za kumeza zilizokuwa zikitumika. Kila tunapomeza vidonge viwili vitatu kisha tukaacha, tunawafunza bakteria kustahimili dawa, na atakayelipa ni mtoto wa jirani.

Wako wanaosema shifaa ni ya Mwenyezi Mungu, maabara ya nini? Naam, shifaa ni Yake. Lakini Mtume (s.a.w.) ametuhimiza kujitibu, na utautibu vipi ugonjwa usioujua? Wala jibu la "hatukuona kitu" si hasara. Daktari amekwisha kuliondoa jambo moja njiani, sasa anatafuta jingine.

Tunajua pesa ni ngumu. Tangu mwaka 2006 watoto walio chini ya miaka 5 wameondolewa malipo katika vituo vya afya vya serikali, ila wengi wa wanafunzi wetu wameshapita umri huo. Kwa hiyo tunawaomba wazee wa misikiti ya Bwiza na Buyenzi watenge sehemu ya sadaka ya Ijumaa kwa ajili ya vipimo vya watoto wa wasiojiweza. Nanyi vijana mnaopenda kemia na biolojia, msidhani kazi ya maabara ni ya watu wa Marseille peke yao. Chawa wale walisafiri mbali mno kutafuta jibu.

Yule mwanafunzi wetu alipimwa hatimaye. Haikuwa malaria. Jumamosi iliyopita amerudi darasani, amekonda, na juzuu yake tulimwekea pale pale alipoishia.

Wabillahi tawfiq.