Mzabibu Hauhitaji Theluji

Migori na Homa Bay tumeaminishwa kwamba zabibu ni za nchi za baridi, na kwamba divai nyeupe ni ya kuagizwa kutoka Ufaransa au Afrika Kusini. Imani hiyo ni potofu, na anayeilipia ni mkulima.

Tazameni Dodoma, Tanzania. Mji ule uko takribani mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, karibu sawa na Ziwa Victoria letu lililo kwenye mita 1,134. Theluji haiko, lakini wakulima wadogo wa huko huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka. Kazi ya majira ya baridi hufanywa na mkasi: mzabibu hupogolewa kwa wakati wake, ukachipua na kuzaa upya. Brazil hufanya vivyo hivyo kwenye bonde la mto São Francisco. Hapa Kenya, divai ya Leleshwa hutoka Naivasha.

Mtasema mvua itauozesha mzabibu. Rongo na Awendo, kwenye miwa, nakubali: unyevu huleta ukungu. Lakini Nyatike na Mbita ni kukavu, mahindi hunyauka, na maji ya kunyweshea yako ziwani.

Mtasema tena kwamba divai ni biashara ya matajiri wenye mapipa ya mwaloni. Divai nyeupe haidai pipa. Zabibu hukamuliwa, maji yake yakachachuka polepole katika tangi la chuma cha pua lililopozwa, na baada ya miezi michache iko chupani, ikibaki na ladha ya tunda lenyewe. Inafaa sana kwa ngege wa kuchoma. Tangi, umeme na leseni ni ghali kwa mtu mmoja. Kwa familia zilizoungana katika ushirika, ni mzigo unaobebeka. Na tangi liwe lao, kwa kuwa wenzetu wa Dodoma wameshaona zabibu zikiharibika wanunuzi wanapokosekana.

Tumbaku nayo haikuzaliwa Kuria, huku Migori. Ilistawi kwa sababu makampuni yalileta mbegu, mabwana shamba na soko. Basi kaunti zote mbili, pamoja na KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, zipande vitalu vya majaribio Nyatike na Mbita, na matokeo yatangazwe hadharani. Mzabibu ukishindwa, tutaacha kwa ushahidi. Kumkataza mkulima kabla mche mmoja haujapandwa ni kumdhulumu.