NYUMBA NA VIJANA: Suala la Kijana wa Suma



Mwezi huu tumeletewa barua kutoka Suma, wilaya ya Rungwe, upande wa Tukuyu. Aliyeiandika ni kijana wa miaka 23. Baba yake amemkabidhi gari la Subaru Forester lenye tabo, yaani ile pampu isukumayo hewa nyingi ndani ya injini, nalo liko vile vile lilivyotoka kiwandani. Gari hilo lilinunuliwa kwa fedha za chai na ndizi za nyumba nzima, na ndilo limpelekalo mama yake hospitali ya Makandana kila mwezi.

Sasa binamu yake, mwenye gari la namna hiyo hiyo, amemwita mashindanoni. Wakutane alfajiri ya Jumapili penye kipande cha lami kilichonyooka, waondoke pamoja, na atakayetangulia mwisho wa kipande ndiye mshindi. Kila mmoja aweke shilingi 200,000, na mshindi achukue zote. Kijana wetu auliza mambo mawili: Je, mbio hizi zafaa? Na je, akikataa, hataitwa mwoga?

Twamshukuru kwa kuuliza kabla ya kutenda, kwani kuuliza si ujinga. Na kwa kuwa wako vijana wengi wenye suala kama lake wasiothubutu kuandika, tumeona vema kumjibu hapa mbele ya wote.

Kwanza, kushindana mbio si aibu. Imepokewa katika Hadithi sahihi, kwa njia ya Ibn Umar, kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwashindanisha farasi Madina. Wale waliokwisha kutayarishwa kwa mazoezi walikimbia kutoka Hafyaa hata Thaniyatul Wadaa, mwendo uliokadiriwa kuwa maili 5 au 6. Wale wasiotayarishwa walipewa mwendo mfupi wa kama maili 1, kutoka hapo mpaka msikiti wa Bani Zurayq. Ibn Umar mwenyewe alikuwa miongoni mwa wapandaji.

Hebu tutazame habari hiyo kwa makini. Mwanzo ulijulikana na mwisho ulijulikana. Mnyama aliyezoezwa hakuchanganywa na asiyezoezwa. Na jambo lilifanywa waziwazi, kwa amri ya kiongozi, wala si kwa kujificha alfajiri. Mambo hayo matatu ndiyo tutakayopimia suala letu.

Wala mbio za magari si ngeni kwetu Afrika Mashariki. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika, na mwanzoni magari yaligawanywa makundi kwa bei ya kununuliwa, ili gari la mtu wa kawaida lisipimwe na la tajiri. Joginder Singh wa Kenya alishinda mwaka 1965 kwa Volvo. Bert Shankland, aliyekuwa mkazi wa nchi yetu, akashinda mwaka 1966 na tena 1967 kwa Peugeot 404. Na mashindano hayo yalikuwa magumu, hata mwaka 1963, na tena 1968, yalimalizwa na magari 7 tu.

Amma hizo mbio fupi anazoziuliza kijana wetu, za magari mawili bega kwa bega katika njia iliyonyooka, zilikulia California, Marekani. Vijana wa huko walikuwa wakishindana barabarani usiku, wakifa na kuua. Mwaka 1951 Wally Parks aliunda chama cha National Hot Rod Association, na moja katika makusudio yake ilikuwa kuwatoa vijana barabarani na kuwapeleka viwanjani. Hakuwaambia waache kupenda magari. Aliwatafutia mahali na kuwawekea kanuni.

Viwanjani humo umbali wa kawaida ni mita 402, yaani robo ya maili. Gari hukaguliwa kwanza, breki, magurudumu na mikanda, na dereva huvaa kofia ngumu. Taa huwaka kwa zamu, na ya kijani ikiwaka, huondoka. Akiondoka kabla yake, ameshindwa. Mwisho hupewa karatasi yenye hesabu tatu: alichelewa kiasi gani baada ya taa, gari lilitumia muda gani, na lilikuwa na mwendo gani lilipofika.

Iko pia namna ya kuwashindanisha watu wa kawaida wenye magari yasiyolingana. Kila dereva hutangaza mapema muda ambao gari lake litautumia, na lililo zito hutangulizwa kwa tofauti hiyo. Tena, gari likienda upesi kuliko muda uliotangazwa, dereva wake aweza kushindwa kwa sababu hiyo. Hivyo asifiwaye si mwenye injini kubwa, bali ni yule ajuaye kadiri ya chombo chake. Funzo hilo latosha hata kwa wasiomiliki gari.

Sasa turudi Suma. Kijana wetu asema gari lake lina nguvu za magurudumu yote manne, basi halitateleza. Hapo amekosea, na kosa hilo limewapoteza wengi. Nguvu ya magurudumu manne husaidia katika kuondoka. Katika kusimama haimwongezei kitu, kwa sababu kila gari lina breki katika magurudumu yake yote. Na gari refu, kwa kuwa uzito wake umekaa juu, hupinduka kwa wepesi kuliko gari fupi linapokatishwa ghafula.

Na tufanye hesabu. Gari liendalo kilomita 100 kwa saa hupita kama mita 28 kwa kila sekunde. Dereva aonapo kitu, hupita kama sekunde moja na nusu kabla breki haijaanza kukamata, na kwa muda huo gari limekwisha kula mita 42. Kisha lahitaji mita 50 na zaidi kusimama, ikiwa lami ni kavu. Na mwendo ukizidi mara mbili, nguvu ya kuzuiwa huzidi mara nne, si mara mbili. Gari la tabo mwisho wa mita 402 laweza kufikia kilomita 150 kwa saa, na hapo kusimama kwataka karibu mita 200 za njia kavu na tupu. Ndiyo maana viwanja vikubwa huacha nafasi ya kupunguza mwendo ambayo mara nyingi huizidi ile ya mashindano yenyewe.

Je, Suma iko nafasi hiyo? Twaijua Rungwe. Ni katika sehemu zinyeshewazo mvua nyingi sana Tanzania, na alfajiri ukungu hushuka mpaka mtu haoni mgomba wa jirani yake. Saa hiyo ya Jumapili ndiyo saa ya akina mama wenye mikungu ya ndizi kichwani, na watoto wenye madumu ya maziwa, na pikipiki zisizo na taa. Wazee wetu hurudi kutoka sala ya alfajiri, na jirani zetu Wakristo hujitayarisha kwenda kanisani. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeambiwa kuwa barabara yake imegeuzwa uwanja. Wawili wameridhia khatari, lakini wataobeba khatari hiyo ni mia.

Hapo ndipo lilipo jibu letu. Mtu aweza kuchezea mali yake, na hata hilo lina mipaka, kwani tumekatazwa kujitia katika maangamizo kwa mikono yetu. Lakini hana ruhusa kabisa ya kuchezea roho ya mtoto wa mwenziwe. Na sheria ya nchi, ile ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, yakataza kuendesha gari kwa namna ya khatari, na mwendo penye makazi ya watu ni kilomita 50 kwa saa. Kuitii sheria ihifadhiyo roho za watu ni katika dini.

Ama zile shilingi 200,000, kila mmoja kuweka fedha na mshindi kuchukua zote katika mchezo wa namna hii, hiyo ni kamari. Zawadi itolewayo na mtu asiyeshindana ina maneno mengine, na wanazuoni wamekhitilafiana. Na aende kwa sheikh wake amwulize.

Limebaki suala la woga. Ewe mwana wetu, Mtume alikuwa na ngamia jike aitwaye Adhbaa, ambaye hakuwa akitanguliwa. Siku moja bedui akaja na ngamia wake kijana akamtangulia, na Waislamu wakaona uchungu. Mtume akawafahamisha kuwa ni haki ya Mwenyezi Mungu kukishusha kila kinachoinuka katika dunia. Ikiwa kushindwa kwa ngamia wake hakukumpunguzia kitu Mtume, wewe utapungukiwa na nini kwa kumkatalia binamu yako? Mwambie: "Ndugu yangu, gari hili ndilo limpelekalo mama hospitali. Ukitaka tushindane, tutafute uwanja, wala fedha haziwekwi." Akikucheka, mwache acheke. Kicheko hakivunji mguu.

Na uwanja watafutika. Chama cha magari cha Tanzania, kiitwacho AAT, ni mwanachama wa FIA, shirikisho la dunia la mambo hayo. Vijana kumi wa Rungwe na Mbeya wakiungana na kuandika barua moja yenye adabu, wakiuliza taratibu za kupata kibali, mahali palipofungwa, polisi na gari la wagonjwa, watakuwa wamefanya jambo la kiume kuliko kukimbizana gizani. Na siku hiyo ikifika, na watoe mizigo yote garini, wapime upepo wa magurudumu, waiache injini ipoe baina ya mbio na mbio, na kila mmoja ashindane na muda wake mwenyewe wa jana.

Neno la mwisho ni kwa wazazi. Msimpe kijana ufunguo bila kumpa maneno. Kaeni naye garini, mwulizeni alikwenda mwendo gani na kwa nini. Kijana huyu alituandikia sisi, watu wa mbali, jambo ambalo angeweza kumwuliza baba yake jioni penye chakula. Hilo limetuhuzunisha kuliko mbio zenyewe.

Mwenyezi Mungu awahifadhi vijana wetu na wapitao njiani. Amin.