Nishani Zisizo na Msomaji

Eneo la Soweto jijini Mbeya limebeba jina la kitongoji cha Afrika Kusini ambako wanafunzi walipigwa risasi na polisi wa makaburu tarehe 16 Juni, 1976. Watu huuza na kununua hapo tangu alfajiri, na ni vijana wachache wanaouliza jina hilo lilitoka wapi. Ndivyo ilivyo pia kwa nishani zinazoning'inia vifuani mwa wazee kila Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai. Hutazamwa, hupigiwa makofi, kisha hurudishwa sandukuni.

Nishani ya vita ni maandishi, na maandishi huhitaji msomaji. Chukua Nyota ya Burma, waliyopewa askari wa Keya waliopigana huko mwaka 1944 na 1945. Ina ncha sita, na katikati zimo herufi za jina la Mfalme George wa Sita. Wekundu wa utepe wake ni majeshi ya Uingereza na makoloni yake. Rangi ya machungwa ni jua. Jina la askari halimo. Kijana wa Rungwe au Iringa aliyevushwa bahari kwenda kupigania uhuru ambao yeye mwenyewe hakuwa nao, alirudi na nyota isiyomtaja. Mfalme, bila shaka, hakusahauliwa.

Nishani ya Kagera ni habari nyingine, kwa kuwa aliyeivaa alilinda ardhi yake. Jenerali David Musuguri wa Butiama alizijua zama zote mbili. Aliingia Keya mwaka 1942, akapelekwa Madagaska. Baada ya vita alikuwa mkufunzi huko Kahawa, Kenya, na miongoni mwa waliopita mikononi mwake alikuwamo Idi Amin. Mwaka 1979 mkufunzi huyo aliongoza Divisheni ya 20 dhidi ya majeshi ya mwanafunzi wake: mapigano ya Lukaya mwezi Machi, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili. Alikuwa Mkuu wa Majeshi tangu 1980 hadi 1988, akafariki dunia Oktoba 2024 akiwa na umri wa miaka 104.

Cheo kilimhifadhia Jenerali historia yake. Je, mgambo aliyeacha jembe, akaenda vitani, kisha akalirudia jembe lake? Aliyekuwa na miaka 20 wakati ule sasa amepita 65. Akizikwa kabla ya kuulizwa, wajukuu watarithi kipande cha chuma.

Walimu wa historia wa Mbeya na Iringa hawahitaji waraka ili kuanza. Mwanafunzi na daftari vinatosha: mzee alijiunga wapi, kikosi gani, alivukaje mto Kagera baada ya daraja la Kyaka kulipuliwa, nani hakurudi naye. Nakala moja ibaki shuleni, nyingine kwa afisa utamaduni wa wilaya, na ya tatu apewe mzee mwenyewe aiweke sandukuni pamoja na nishani yake.