Nandigram haikuanzia 2021

Mwandishi, hesabu umeiweka sawa: mwanasiasa Mamata Banerjee aliangushwa katika uchaguzi wa jimbo la Nandigram, West Bengal nchini India, mwaka 2021 kwa kura 1,956 tu, tena na Suvendu Adhikari, mtu wake wa zamani. Ila umeiruka 2007, na bila hiyo jimbo hili halieleweki. Wakulima walipinga ardhi yao kutwaliwa kwa viwanda vya kemikali. Machi 14 polisi wa serikali ya Wakomunisti wakafyatua risasi, watu 14 wakafa. Uchaguzi mdogo wa 2009, chama cha Mamata kikamsimamisha Firoja Bibi, mama aliyefiwa na mwanawe siku ile. Akashinda. Mwaka 2011 Wakomunisti wakang'oka West Bengal baada ya miaka 34. Na Adhikari, jamani, alipandia ngazi hiyo hiyo ya Nandigram! Mamata naye, miezi michache baada ya kuangushwa 2021, akarudi bungeni kupitia jimbo la Bhabanipur, kwa tofauti ya kura zaidi ya 58,000.